Bei ya Nyumba: Mnunuzi Atoe Kiasi Gani?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa mwambao aliyehamia Kitale kwa ajili ya biashara, ametupelekea swali ambalo tumeona si lake peke yake, bali ni la kila mwenye kutaka kuwanunulia watu wake nyumba. Asema kuwa ameonyeshwa nyumba katika mtaa wa Kipsongo. Mwenye kuiuza ni mjane, wala si Mwislamu. Mumewe amekufa akamwachia watoto, na wawili katika hao bado ni wadogo. Mama huyo ataka shilingi 800,000. Ndugu yetu amekwisha kusikia kwamba nyumba mfano wa hiyo huuzwa kwa zaidi ya milioni moja. Dalali naye amemnong'oneza kuwa asitoe hata hizo 800,000, atoe 650,000, kwani mama ana deni la hospitali na hana pa kukimbilia. Sasa atuuliza: “Je, mimi nitoe kiasi gani?”

Tumelipenda swali hili, kwa sababu watu wengi huuliza juu ya halali na haramu ya nyama na ya mavazi, walakin wafikapo kwenye bei hudhani kuwa dini imewaacha wafanye watakavyo. Husema, “Biashara ni maelewano.” Naam, biashara ni maelewano, na Qur'ani katika Suratu Nnisaa aya ya 29 imeweka sharti la kuridhiana baina ya wanaouziana. Lakini kuridhika kwa mtu anayejua thamani ya kitu chake si sawa na kuridhika kwa mtu asiyejua, wala radhi ya mwenye nafasi si sawa na radhi ya aliyebanwa na deni. Basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwanza asili yake katika dini, kisha hesabu yake, kisha jawabu.

*Mtume alivyonunua kiwanja Madina*

Alipofika Madina katika Hijra, Mtume (S.A.W.) alitaka mahali pa kujenga msikiti, na ubavuni mwake ndipo yalipojengwa majumba ya watu wake. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa cha kuanikia tende, na wenyewe walikuwa ni mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa na Imam Bukhari kwamba Mtume aliwaita watoto wale akazungumza nao juu ya bei. Nao wakataka kumpa bure. Akakataa kuipokea hiba yao mpaka alipokinunua kwao kwa thamani.

Ndugu zetu, izingatieni habari hii. Mnunuzi ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, kazi yenyewe ni msikiti, na wenye mali wametoa kwa furaha. Lau kungekuwako wakati wa mtu kuchukua ardhi kwa bei ndogo, ungekuwa ni wakati ule. Pamoja na hayo hakukubali, kwani wenye mali walikuwa ni mayatima. Basi ikiwa mali ya yatima haikuchukuliwa bure hata kwa ajili ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, itakuwaje ichukuliwe nusu bure kwa ajili ya nyumba yangu mimi na wewe?

Na wala asidhani mtu kuwa kupatana bei kwenyewe ni makosa. Mtume alipatana na Jabir bin Abdillahi juu ya ngamia wake walipokuwa safarini, kisha walipofika Madina akamlipa thamani yake na akamrudishia na ngamia. Iko hadithi katika kitabu cha Ibn Maja ya mwanamke mmoja aliyekuwa akianza kwa bei ya chini sana kisha akipanda kidogo kidogo, naye akakatazwa. Lakini wanavyuoni wameitia udhaifu sanadi yake, kwa hivyo hatuwezi kuifanya hoja ya kuharimisha mapatano. Twasema tu kuwa kupatana ni halali maadamu hakuna uwongo, wala hadaa, wala kumla asiyejua.

*Mambo anayokatazwa mnunuzi*

Mara nyingi tuwasikiapo makhatibu wakihimiza uaminifu katika biashara, huwa wanawasema wauzaji: wenye kuchanganya maziwa na maji, na wenye kupunguza pishi. Lakini hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imewataja wote wawili, muuzaji na mnunuzi, kuwa wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakisema uwongo na kuficha huondolewa baraka yake. Mnunuzi pia huficha. Huficha kuwa barabara itapita karibu, huficha kuwa amekwisha kuuliza bei za jirani, huikashifu nyumba aliyoipenda kwa moyo wake wote, na kusema ukuta umepasuka hali haukupasuka.

Mtume amekataza pia mambo haya. Amekataza mtu kupandisha bei ya kitu hali hataki kukinunua, ila ataka kumdanganya mwingine; nayo ndiyo huitwa najshi, na madalali wa zama zetu wameifanya kuwa ufundi. Amekataza mtu kuingilia mapatano ya nduguye yaliyokwisha kufikia kuridhiana. Ama mnada ulio wazi, ambao kila mtu ajua kuwa ni mnada, huo haukukatazwa. Na amekataza kwenda kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na katika riwaya ya Muslim, mwenye bidhaa aliyeuza namna hiyo ana khiari akishafika sokoni.

Katazo hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na swali letu. Kwa nini yule mwenye kutoka shamba amepewa khiari? Kwa sababu mnunuzi alijua bei, na yeye hakuijua. Mjane wa Kipsongo hakutoka mbali na soko kwa miguu, lakini yu mbali nalo kwa habari. Dalali anayo habari, na mnunuzi anayo habari, na yeye peke yake hana. Basi huko ni kukutana naye njiani, hata kama mmekutana naye mlangoni pake.

*Wala si hoja kuwa yeye si wa dini yetu*

Hapa yatupasa tuseme neno zito kidogo. Kipsongo ni mtaa wa pembezoni mwa mji wa Kitale, na wengi wa wakaazi wake ni jamaa wa Kiturkana waliotoka kaskazini kwa ajili ya ukame na kunyang'anywa mifugo. Ni watu waliokwisha kupoteza mali yao mara moja. Wako katika sisi, watu wa mwambao, wenye kusema kwa siri, “Hawa hawana elimu wala hawajui hesabu, akitajiwa chochote atakubali.” Na wako wenye kuongeza kuwa, maadamu si Waislamu, jambo lao ni jepesi.

Maneno haya si mapya. Yalisemwa zamani na watu wa Kitabu juu ya Waarabu wasiojua kusoma, ya kwamba hakuna lawama kwao wakila mali zao. Na Qur'ani imeyataja katika Aal Imran aya ya 75 na kuyahesabu kuwa ni kumzulia Mwenyezi Mungu uwongo. Je, Mwislamu aweza kuisoma aya hiyo usiku, kisha asubuhi akaenda Kipsongo na maneno yaleyale kifuani mwake? Kadhalika Suratul Maida, aya ya 8, imeamrisha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, seuze watu ambao hawakututendea ubaya wowote. Na Mtume mwenyewe alikufa hali deraya yake imo rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya shayiri, na deni lile lilikuwa ni deni la haki, lenye kulipwa.

*Kwanza ujue unauziwa nini*

Mtu hawezi kujua atoe kiasi gani mpaka ajue anunua nini. Mtume amekataza kuuza usichokuwa nacho, na amekataza biashara yenye gharari, yaani yenye giza ndani yake. Katika nyumba giza kubwa liko kwenye ardhi.

Ardhi ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ndio mji wake mkuu, ilikuwa katika nchi iliyotwaliwa na walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru wa 1963, sehemu kubwa ya mashamba yale iligawanywa, mengine kwa miradi ya makazi, mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika vya wananchi. Kwa hivyo hata leo wako watu waliokaa juu ya kiwanja kwa miaka mingi, na karatasi waliyo nayo ni ya hisa, au ni mapatano yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa. Na wako waliojenga juu ya ardhi ya umma, ambao wana kuta na mabati, lakini hawana ardhi. Watatu hawa, mwenye hati, mwenye karatasi ya hisa, na mwenye kuta tu, hawauzi kitu kimoja, na bei zao haziwezi kuwa moja.

Wala mtu asitosheke na kuonyeshwa hati pekee. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha pwani ya Nyali. Kiwanja hicho kilikuwa kimepitia mikono mitatu, na kampuni ilikuwa imekinunua 2006 na ina hati. Mahakama ikaamua kuwa ardhi ile asili yake ilikuwa ya umma na haikutolewa kwa njia ya sheria, na kwa hivyo hati haikumsaidia mnunuzi, hata akisema alinunua kwa nia njema. Kampuni kubwa yenye mawakili imepatwa na hayo. Basi mtu mwenye akiba ya miaka kumi, yampasa akapekue daftari la ardhi kwa msajili, amchukue mpima ardhi, na aulize ardhi ile ilitoka wapi tangu mwanzo. Sheria ya Kenya pia yataka mapatano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Na hili kwetu si geni, kwani aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha tuandike madeni na tuweke mashahidi katika mauziano.

*Hesabu ya bei ya mfano*

Wanavyuoni wetu wana neno lao, thamani ya mithili, yaani kile kinacholipwa kwa kitu mfano wa hicho, mahali hapo, wakati huo. Hiyo ndiyo mizani ya kwanza. Na njia ya kuijua ni kuuliza nyumba zilizokwisha kuuzwa zimeuzwa kiasi gani. Si kuuliza nyumba zinazouzwa zatakiwa kiasi gani, kwani kutaka ni jambo moja na kupata ni jambo jingine. Uulize wanunuzi wenyewe wala usimwulize dalali peke yake, kwani ujira wake wamfanya asiwe shahidi.

Tutoe mfano. Tuseme nyumba tatu za mtaa ule, zenye ukubwa mmoja na karatasi safi, zimeuzwa kwa shilingi 1,150,000, na 1,200,000, na 1,250,000. Kati yake ni 1,200,000. Kisha nyumba ya mjane ina mabati mabovu, na kuyabadilisha ni 80,000. Na choo chake kimejaa, na kuchimba kingine ni 70,000. Aibu hizi ni za kweli, na kuzitaja si kukashifu. Toa 150,000, ibaki 1,050,000. Hiyo ndiyo thamani ya nyumba ile kama ilivyo. Na kama mnunuzi ndiye atakayebeba gharama za kusafisha mirathi mahakamani na kwa wakili, tuseme 60,000, basi ni haki kuzitoa, kwa sharti mama ajue kuwa zimetolewa na kwa nini. Hubaki 990,000.

Mnunuzi naye atazame upande wake. Ushuru wa stempu katika mji ni asilimia 4, na nje ya mji ni asilimia 2. Kwa 990,000 mjini ni 39,600, ikiwa mthamini wa serikali hakukadiria zaidi. Basi hesabu yake yote ni 990,000, na 60,000 ya mirathi, na 39,600 ya ushuru, na 150,000 ya matengenezo, jumla 1,239,600. Yule jirani aliyenunua nyumba nzima kwa 1,200,000 akalipa ushuru wa 48,000 alitoa 1,248,000. Waona kuwa wawili hawa wamekaribiana sana, na hivyo ndivyo uadilifu unavyoonekana katika hesabu: hakupunjwa mtu, wala hakupunja.

Mizani ya pili ni uwezo wa mnunuzi. Asitoe bei itakayomfanya ashindwe kuwalisha watu wake, au kulipa madeni yake, au kutoa zaka yake. Asiingie katika riba kwa hoja kuwa nyumba ni dharura, hali kupanga kwapatikana. Tangu 2007 na 2008 nchi yetu imepata mabenki yaliyoanzishwa kwa misingi ya sharia, na mwenye haja aweza kwenda kuyauliza, kisha autazame mkataba wenyewe pamoja na mjuzi, si jina lililoandikwa juu yake. Na njia nyepesi kuliko zote ni kupatana na muuzaji alipwe kwa mafungu, bei moja isiyozidi kwa kuchelewa.

*Jawabu la swali*

Sasa twarudi kwa ndugu yetu. Kama mjane yule angekuwa mwenye mali peke yake, mtu mzima, mwenye akili yake, basi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mauzo ya 800,000 yangesihi, kwani kupunjika peke yake hakubatilishi mauzo. Na katika madhehebu ya Imam Ahmad, asiyejua bei akipunjwa sana hupewa khiari ya kurejea. Lakini kusihi kwa mauzo ni jambo moja, na kumfanyia mwenzio uaminifu ni jambo jingine. Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa 300, akamwendea mwenyewe akamwambia farasi wako ana thamani zaidi ya hiyo, akaendelea kumwongeza mpaka 800, kwa kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Yule ndiye mnunuzi aliyeelewa.

Walakin mjane huyu si mwenye mali peke yake. Katika nyumba ile mna haki ya watoto, na wawili ni wadogo. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu wamesema kuwa mali ya yatima isiyohamishika haiuzwi na msimamizi wake illa kwa haja, au kwa faida iliyo dhahiri, wala haiuzwi kwa bei iliyopunjika sana. Kwa hivyo 800,000 kwa nyumba yenye thamani ya 1,050,000 haiwezi kusimama katika fungu la watoto, hata mama akiridhia, kwani ameridhia katika kisichokuwa chake. Ama 650,000 za dalali, hizo hatuna haja ya kuzizungumza. Suratu Nnisaa, aya ya 10, imekwisha kutaja mwisho wa wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma.

Na sheria ya nchi imekwenda njia hiyohiyo. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Na mjane aliyeachwa na watoto, ambaye mirathi yake yatawaliwa na Sheria ya Urithi, hawezi kuuza ardhi hiyo bila ya idhini ya mahakama. Lau angekuwa Mwislamu, jambo la urithi lingepelekwa kwa Kadhi. Basi anayeikimbilia bei rahisi kwa mjane wa namna hii, huenda akanunua kesi, na watoto wakikua wakamtoa nyumbani.

Kwa hivyo twamwambia ndugu yetu: nenda kwa mama huyo pamoja na mtu anayemwamini, anayejua lugha yake. Mwambie nyumba mfano wa yake zimeuzwa kiasi gani. Mwonyeshe hesabu ya mabati na ya choo na ya mirathi. Mtolee 990,000, ukibeba wewe gharama ulizozitaja, au 1,050,000 akizibeba yeye. Akipata mwingine wa kumpa zaidi, muache, wala usimsemee vibaya mnunuzi huyo. Akikubali, fungu la watoto liwekwe mahali pa kuonekana kama itakavyoamua mahakama, na pesa zikae kwa wakili mpaka idhini itoke. Arubuni usiifanye mtego: wengi wa wanavyuoni, na Imam Shafi katika hao, wamekataza arubuni ambayo muuzaji huila mauzo yakivunjika, basi iandikwe kuwa itarejeshwa ikiwa mahakama haikuruhusu, au ikiwa daftari la ardhi limeonyesha jambo jingine.

Ama deni la hospitali linalomkaba hivi sasa, kama una uwezo, msaidie kwa sadaka, au umkopeshe bila ya kuzidisha. Lakini usiufunge mkopo huo na mauzo ya nyumba, kwani Mtume amekataza kuuchanganya mkopo na mauzo. Anayekopeshwa leo ili auze kesho kwa bei ya mkopeshaji, huyo hakusaidiwa, ila amefungwa kamba.

Na ikiwa hesabu hiyo yashinda uwezo wako, ndugu yetu, basi usinunue. Kukosa nyumba si dhambi.

*Na sisi wa mwambao*

Asije msomaji wa Mombasa au wa Malindi au wa Lamu akasema kuwa Kipsongo iko mbali, zaidi ya kilomita 800 kutoka bandarini. Sisi pia tunao wajane wetu, na mara nyingine tunaishi nao nyumba moja.

Tazameni nyumba za urithi. Baba hufa akaacha nyumba moja, na watoto wa kiume na wa kike. Ndugu wa kiume hubaki ndani, na dada zake wameolewa. Miaka hupita, kisha kaka husema, “Nitawapa hiki na hiki, maneno yaishe.” Dada hukubali kwa haya, asije akaambiwa amempeleka nduguye kwa Kadhi kwa ajili ya matofali. Je, hiyo ni radhi? Nani alimwambia dada nyumba ina thamani gani leo? Fungu lake alilipewa na Mwenyezi Mungu, si hisani ya kaka. Basi atakaye kuwanunua dada zake, amlete mthamini ambaye si rafiki yake, awasomee bei, kisha awatolee kwa bei hiyo; na atakayesamehe, asamehe baada ya kujua, si kabla.

Tazameni pia nyumba zetu zisizo na ardhi, ambazo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Nyumba kama hiyo ikiuzwa, ibainishwe kuwa ni kuta na si ardhi, na ni kodi gani inayodaiwa. Na ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi kabisa, kwani hivyo ndivyo ulivyokuwa wakfu wa Sayyidna Umar wa ardhi yake ya Khaybar, kuwa isiuzwe, wala isitolewe, wala isirithiwe. Kwa hivyo bei ya kumtolea anayekuuzia wakfu ni moja tu, nayo ni hapana.

Na jirani asisahauliwe. Abu Rafi alikuwa na nyumba mbili ndani ya makazi ya Saad bin Abi Waqqas, akamtaka azinunue. Saad akasema hatoi zaidi ya 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa amekwisha kutolewa dinari 500 taslimu, nazo ni zaidi, lakini akamwuzia Saad, kwa sababu alimsikia Mtume akitaja haki ya jirani. Khabari hii imo katika Bukhari. Wapi leo muuzaji wa namna hiyo? Na wapi mnunuzi ambaye jirani yake atamwachia bei kwa kupenda ujirani wake? Madhehebu yetu hayakumpa jirani haki ya shufaa kama yalivyompa mshirika, lakini kumwuliza kwanza ni katika adabu, na ni katika kujenga mtaa.

Ndugu zetu Waislamu, nyumba si mabati na mawe tu. Ni mahali utakaposali usiku, utakapowafunza wanao Qur'ani, na utakapotolewa siku ya mwisho kupelekwa kaburini. Nyumba iliyonunuliwa kwa kumpunja yatima, kila swala utakayoisali ndani yake ina mdai wake. Lakini nyumba iliyonunuliwa kwa bei ya haki, mwenyewe wa zamani akipita mlangoni atakuamkia, na watoto wake watakuombea.

Basi ukiulizwa utoe kiasi gani, jawabu letu ni hili: utoe kiasi ambacho, lau muuzaji angejua yote unayoyajua wewe, angekipokea kwa moyo mweupe, tena kisizidi kile ambacho watu wako watabaki na chakula baada ya kukitoa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kutosheka na halali yake, atuepushe na mali ya wanyonge, awaruzuku wasio na nyumba nyumba za amani, na atubarikie katika tunachouza na tunachonunua. Amin. Wabillahi ttawfiq.